Uso wa Malkia Niliounadi kwa Miaka Kumi na Tisa

Mzee mmoja aliniambia kwamba malkia aliyefariki miaka mia sita na hamsini iliyopita aliwahi kumchapa kwa mwiko.

Si ndotoni. Si kwa mfano. Kumchapa kabisa, kisogoni, mchana kweupe.

Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamswaga nje kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Tulieni niwasimulie. Ila nawatahadharisha mapema: kwenye habari hii mimi si mtu mzuri hata kidogo.

Naitwa Drahomíra, wengi huniita Draha. Nina miaka kumi na tisa nikiongoza wageni katika ngome ya Jestřábov, huku kwetu Ucheki.

Kazi yenyewe ni kutembea na watu ishirini na watano waliovishwa sapatu za sufu juu ya viatu vyao ili wasikwaruze sakafu. Wanaburuta miguu kama wagonjwa waliotoroka wodini, nami nawaambia mambo watakayokuwa wameyasahau kabla hawajafika kwenye magari yao.

Nilikuwa nawadharau. Siwafichi.

Mgeni wa ngome ana maswali matatu tu. Choo kiko wapi? Mzimu upo? Bia inauzwa hapa?

Ukimweleza kwamba mfalme alijenga pale kwa sababu ya msitu wa kulungu na njia ya misafara ya chumvi iliyopita bondeni, anatoa simu mfukoni anaanza kutafuta mtandao.

Hata ngome yenyewe niliidharau kidogo. Watu wanadhani ngome ya mfalme ni dhahabu na tarumbeta. Huyu wetu alikuja kuwinda, akala, akalala siku mbili tatu, akaondoka na mbwa wake.

Alipokufa, wanawe wakaiweka rehani. Waasi wa dini wakaichoma. Waswidi wakaja, wakabeba mpaka makomeo ya milango. Baadaye ikawa ghala la shayiri la kiwanda cha bia, halafu serikali ikaichukua na kujaza viazi kwenye kanisa lake.

Karne saba za utukufu, na harufu iliyobaki ni ya viazi.

Kitu kimoja tu kilituletea watu. Ukuta wa Chumba cha Malkia.

Ukuta wote umechorwa. Kuna mfalme juu ya farasi, ila mfalme hana kichwa, plasta ilishaanguka. Kuna mabibi wa kifalme sita, wote nyuso zimekwanguka. Katikati yao yuko Malkia Bohdana, na uso wake ni mzima.

Macho ameyainamisha. Shavu la kushoto limejaa kidogo. Mdomo ameufunga kama mtu anayezuia neno.

Mimi niliuandikia kijitabu uso ule. Kurasa thelathini na mbili, na jina langu mbele kwa herufi za kuonekana. Ndani yake niliandika: "Haya ni macho ya mwanamke aliyebeba uzito wa taji."

Ukisogea karibu unaona mistari myembamba sana, imejaa uso mzima kama nyuzi za kitambaa. Hiyo nikaiita "mkono wa fundi mkuu wa mfalme."

Nilipomaliza sentensi ile nilijiona bingwa. Nilijimiminia mvinyo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Štrunc, zamani aliuza mabafu. Vipi alifika ngomeni, aulizwe aliyemleta. Yeye akaubandika uso wa malkia kwenye vikombe, kwenye mitungi ya jamu, kwenye sumaku za friji, na kwenye soksi.

Soksi, jamani! Malkia wa watu anakanyagwa na vidole.

Basi. Jumanne moja ya mwezi wa tano, kundi la saa tano asubuhi, akaja yule mzee.

Koti limeshonwa viraka viwiko vyote viwili. Mkononi mfuko wa plastiki wa dukani. Nilimpima kutoka utosini hadi kwenye sapatu nikamaliza naye hapo hapo: huyu kaja kukwepa mvua.

Tulipofika Chumba cha Malkia, akainama, akapita chini ya kamba, akaenda kusimama pua kwa pua na ukuta.

"Bwana, hiyo kamba haikuwekwa kwa urembo," nikamwambia.

"Nimeiona."

"Basi rudi nyuma yake."

Hakurudi. Akatoa kijitabu changu mfukoni. "Bibi, aliyeandika hiki ni wewe?"

"Ndiyo. Unataka saini?"

Ndipo aliponigeukia. Akanitazama. Akautazama ukuta. Akanitazama tena, safari hii muda mrefu, mdomo wazi. Nikasema moyoni, mzee mzima na macho ya fisi.

"Huyu si malkia," akasema. "Alikuwa mpishi wa mafundi waliokarabati ngome, mwaka sabini na nne. Alinichapa kwa mwiko, hapa." Akashika kisogo.

Kundi zima likaangua kicheko.

Mimi nilivyo na kimbelembele, nikaona nafasi ya kung'ara. "Ndugu wageni, leo mmepata bahati. Siku nyingine mnaulizia mzimu tunakosa wa kuwapa. Leo kaja mwenyewe, na tiketi kalipa!"

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka.

"Naitwa Pěnkava. Nilikuwa mrekebishaji wa michoro. Uso huu haukuwepo. Ulikuwa umeanguka wote. Niliupaka mimi."

"Na mimi ni binti wa Papa," nikamjibu. "Mlango ule pale, bwana. Ngazi zina utelezi."

Akatoka polepole, na sapatu zake zinaburuzika. Mama mmoja kwenye kundi akanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kama mwigizaji.

Jumatano akarudi. Akalipa, akavaa sapatu, akasimama nyuma ya kundi, hakusema kitu. Nilipofika kwenye "uzito wa taji" akatikisa kichwa na kusonya. Kwa sauti.

Alhamisi tena.

Alhamisi hiyo nikaenda kwa Bwana Štrunc. Nilidhani atacheka. Akabadilika rangi.

"Mzee gani? Anasema hayo mbele ya watu? Draha, Jumatano ijayo inakuja kamati ya fedha za ukarabati kutoka Prague! Wakisikia upuuzi huu hatupati kitu. Na nimeshaagiza vikombe elfu mbili!"

"Ni mwehu tu, bwana mkurugenzi."

"Mwehu au si mwehu, asikanyage hapa. Nawe siku hiyo utasema kilichoandikwa kwenye kijitabu, neno kwa neno. Ukiongeza lako, utafute ngome nyingine."

Tukamsindikiza mzee hadi getini, mkurugenzi mbele, mimi nyuma. Bwana Štrunc akamwambia maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa wa jirani. Mimi nikasimama pembeni nimekunja mikono.

Mzee akamsubiri amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Kamuulize mpishi mwenyewe, kama bado yu hai. Aliitwa Vlasta Kučerová. Alikaa nyumba ya kando ya kinu."

Jamani.



Nyumba ya kando ya kinu ndiko nilikozaliwa. Na Kučerová ni jina la mama yangu kabla hajaolewa.

Nilimkuta mama jikoni, anakata mkate mkavu vipande vidogo vya kutia kwenye donge la unga. Ana miaka sabini na miwili na mkono wake kwenye kisu ni mwepesi kuliko wangu.

"Mama, uliwahi kupika kule ngomeni?"

"Kiangazi kimoja. Walikuwepo mafundi tisa wanaokula kama farasi. Kwa nini?"

"Kulikuwa na kijana anaitwa Pěnkava?"

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea.

"Yule mjinga. Alichovya brashi ya rangi kwenye sufuria yangu ya mchuzi wa uyoga. Nikamzaba na mwiko."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Alikuchora?"

"Kila siku. Mimi napika, yeye yuko kwenye kona na karatasi. Nilikuwa naumwa jino, shavu limevimba hivi. Nikamwambia subiri jino litoke ndipo unichore. Akasema hapana, kaa hivyo hivyo."

"Shavu lipi?"

Akanitazama kama anayejiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. "La kushoto."

Nikakumbuka mvinyo niliojimiminia. Uzito wa taji! Lilikuwa gego.

"Mama, ulijua kwamba uso uliopo ukutani ni wako?"

"Alisema ataupaka. Kama aliupaka au hakuupaka mimi nitajuaje? Jino likang'olewa, kazi ikaisha, mwaka uliofuata nikaolewa na baba yako. Na usianze kuhesabu miezi kwa vidole, nakuona. Ulizaliwa miaka mitatu baadaye."

"Hukupanda kwenda kutazama? Miaka yote hii?"

"Nilipe tiketi nitazame ukuta? Kijiji kizima kilijua habari ile, wakacheka wiki moja, wakasahau. Wengi wako makaburini sasa."

Nikapandisha sauti. Nilikuwa na hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani. "Lakini kijitabu changu ulikisoma! Mbona hukuniambia?"

Hapo akaweka kisu chini.

"Nilikuambia. Ulipoanza kukiandika, nilikuja chumbani kwako, nikasema, Draha, mimi nilikuwepo kule mwaka sabini na nne, nikueleze walivyokuwa wanafanya. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Sikukumbuka.

"Ulisema, mama, hii ni historia, si mapishi."

Akachukua kisu, akarudi kwenye mkate wake. Mimi nilikaa pale mpaka maji ya kuchemshia madonge yalipoanza kutokota.

Kesho yake niliingia Chumba cha Malkia kabla ya wageni, nikapita chini ya kamba, nikasimama alipokuwa amesimama yule mzee.

Ukishaambiwa, huwezi tena kutoona. Paji la mama. Kidevu cha mama. Ule mdomo uliofungwa, ambao nimeuona maisha yangu yote upande wa pili wa meza. Na nikiondoa shavu lililovimba, uso huo nauona kila asubuhi kwenye kioo nikisugua meno.

Kumbe mzee wa watu hakuwa na macho ya fisi.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kazi ningebaki nayo, kijitabu kingeendelea, vikombe vingeuzwa. Nani angejua? Wageni? Wale wanaouliza choo?

Ila kila nilipofungua mdomo kusema "Malkia Bohdana" ulimi uliniwia mzito. Nilikuwa nawaona watu wanamtazama mama yangu na kumwita jina la mtu mwingine, na aliyewafundisha ni mimi.

Jumatano kamati ikafika. Watu watatu, mkubwa wao mama mmoja mfupi mwenye buti za tope, Daktari Hedvika Marešová, msomi wa majengo ya kale. Bwana Štrunc amevaa tai, amepanga vikombe mezani kama maharusi wanakuja.

Tukaingia Chumba cha Malkia. Mkurugenzi akanikonyeza nianze.

Nikaanza. "Mnayemwona hapa ni..."

Nikautazama tena ule mdomo uliofungwa.

"Mnayemwona hapa si malkia. Uso wa malkia ulianguka zamani. Huu ulipakwa mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne na Bwana Pěnkava, na mwanamke huyu ni mama yangu. Alikuwa na gego bovu. Kijitabu changu ni uongo, na niliuandika mimi."

Nilisikia njiwa wakitembea darini.

"Anaumwa!" Bwana Štrunc akapiga kelele. "Ana uchovu, daktari, tulishamwambia apumzike..."

Daktari Marešová akamwangalia. Akaniangalia mimi.

"Ndiyo," akasema. "Kwani nyinyi hamkujua?"

Nikamgeukia. "Kujua nini?"

Akafungua mkoba wake akatoa makaratasi yaliyofungwa kwa uzi. "Ripoti ya ukarabati. Ukurasa wa arobaini na moja: *Uso wa malkia haupo kabisa. Kwa amri ya mkuu wa kazi nimepaka mpya, kwa kumtazama mpishi wetu, V. Kučerová.* Nakala moja iko kwetu Prague. Nyingine iko hapa hapa, ofisini kwa mkurugenzi."

Akaenda hadi ukutani, akanyoosha kidole kwenye ile mistari yangu ya fundi mkuu wa mfalme.

"Na hii mistari ni alama. Mrekebishaji mwaminifu huiacha makusudi, ili yeyote mwenye macho atambue kipi ni cha kale na kipi ni kipya. Hakumficha mtu chochote. Aliandika ukutani, akaandika na kwenye karatasi."

"Lakini kijitabu..." nikaanza.

"Kijitabu chako tunacho. Ofisini huwa tunasomeana wakati wa chakula cha mchana." Hakutabasamu. "Haya, tuoneshe paa. Sisi tumekuja kwa ajili ya paa."

Wakapanda ngazi.

Nimewahi kutukanwa na walevi. Nimewahi kutemewa mate na mtoto wa shule. Sijawahi kufedheheshwa kama mchana ule, na mama wa watu wala hakuwa amekusudia. Alikuwa na haraka ya kwenda kuona vigae.

Ripoti tuliikuta kabatini, chini ya sanduku la mapambo ya Krismasi. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya kusaini kila anayeisoma.

Ilikuwa tupu. Miaka hamsini, si mkurugenzi, si mwongoza wageni, si mtu.

Mimi niliyewacheka wageni kwa kutosoma vibao.

Paa tukapewa. Kazi sikufukuzwa, maana Bwana Štrunc aliwahi kunusa upepo: wiki ile ile akawa anauza vile vile vikombe vyake kwa jina la "Malkia Mpishi." Mtu yule angeuza hata moshi wa ngome ikiungua.

Mimi nikapanda basi kwenda mjini kwa Bwana Pěnkava. Ghorofa ya nne, hakuna lifti. Akanifungulia akiwa na ndara.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Nimeelewa sasa kwa nini ulikuja. Dhamiri ilikuwa inakusumbua, ulitaka kuungama..."

"Kuungama nini?" Akakunja uso. "Bibi, sikuja kuungama. Nilikuja kulalamika!"

Hata karibu ndani hakusema.

"Miezi mitano nilikaa juu ya jukwaa la mbao. Kila nilichogusa nilikiandika. Mjukuu wangu akaniletea kile kikaratasi chako, nasoma eti fundi wa mfalme! Ulinifuta mimi, ukamfuta na yule msichana, kwa kalamu moja. Siku tatu nimelipa tiketi nikusikie unasema nini, na kila siku ulikuwa unasema ujinga ule ule."

"Kweli kabisa," nikasema.

"Nilipokuona nilidhani nimerukwa na akili. Unafanana naye sana. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na adabu."

Nilistahili kila neno.

"Yu hai," nikamwambia. "Kama utapenda, Jumatatu ngome huwa imefungwa."

Akazitazama ndara zake. Kisha akashusha sauti. "Yeye atakubali?"

Mama hakukubali. Alisema ana nguo za kufua. Halafu Jumatatu asubuhi nikamkuta mlangoni, amevaa gauni la bluu la kwendea harusi za watu, anauliza kama nina mpango wa kumchelewesha.

Bwana Pěnkava alikuwa anatungoja uani. Mama akamtazama juu hadi chini.

"Umezeeka vibaya."

"Nawe sauti yako haijazeeka hata siku moja," akamjibu.

"Hao waliokuacha utoke na koti hilo hawakupendi."

"Sina wa kuniangalia koti."

"Inaonekana."

Nikawavisha sapatu wote wawili. Wakapanda ngazi, mama analalamika: ngazi mbovu, vumbi, baridi, huyo mfalme alikuwa na shida gani asijenge bondeni kama watu wenye akili.

Nikafungua mlango wa Chumba cha Malkia. Kamba nilikuwa nimeiondoa.

Mama akaingia, akafika katikati, akasimama.

Sijawahi kumwona mama yangu akikosa neno. Siku ya msiba wa baba aliwagombeza waliochimba kaburi. Pale alinyamaza. Alimtazama yule binti wa miaka ishirini na miwili, naye yule binti ameinamisha macho. Mikono ya mama ilikuwa imeshika mkoba kwa nguvu.

"Nilikuwa hivi?" akauliza.

"Hivi hivi," akasema Bwana Pěnkava. "Sikuongeza kitu."

Mama akasogea karibu. Akanyanyua kidole kama anayetaka kugusa, akakirudisha.

"Nilikuwa mzuri namna hii," akasema, "na hakuna mtu aliyeniambia."

Nilikuwa nimesimama chini ya uso ule kwa miaka kumi na tisa, kila saa, nikiwaambia wageni watazame vizuri.

Nikatoka nje nikawaacha. Nilikaa kwenye ngazi zenye utelezi nikalia, na nilipomaliza nikasikia ndani wameanza kubishana kuhusu uyoga.

Ndugu yangu unayesoma, nadhani unaye mtu nyumbani kwenu unayeamini hana jipya la kukwambia. Mimi dharau yangu ilinifanya nijione msomi, kumbe ilinipumbaza. Usinijibu hapa chini kwenye maoni. Nenda kamuulize alikuwa wapi alipokuwa na miaka ishirini na miwili, ukae, umwache aseme mpaka amalize.